Waya wa Kuunganisha Vikokotoo vya Grafu: Uzoefu Wangu Katika Darasa la Twisheni, Tanga

Waya mfupi wa milimita 2.5 unaounganisha vikokotoo vya grafu vya Texas Instruments, hasa TI-83 Plus na TI-84 Plus, ni kifaa cha polepole na chenye masharti yake, lakini kwangu umekuwa njia ya kuaminika kuliko nyingine zote pale ninapotaka wanafunzi wote wawe na data ileile pasipo makosa ya kunakili. Nafundisha hisabati kwa vijana wa kidato cha tano na cha sita hapa Tanga, na vikokotoo vyenyewe nilivinunua vikiwa vimeshatumika. Havihusiani na chumba cha mtihani, kwa kuwa Baraza la Mitihani huruhusu vikokotoo visivyo vya programu tu. Navitumia kwa kazi ya vitendo, na kazi hiyo ni kupwa na kujaa kwa maji.

Wanafunzi hupima kina cha maji kwenye nguzo yenye alama upande wa Raskazone, kila baada ya nusu saa, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Vipimo vinakuwa 25. Saa huingizwa kwenye orodha ya L1, kina kwenye L2, kisha kwa amri ya SinReg kikokotoo hutafuta mkunjo wa sine, y = a sin(bx + c) + d, unaolingana vizuri zaidi na nukta hizo. Kwa kuwa katika pwani yetu maji hujaa mara mbili kwa siku, na tangu yajae hadi yajae tena hupita saa 12 na dakika 25 hivi, thamani ya b inatakiwa ikaribie 0.506, yaani 2π ikigawanywa kwa 12.42. Thamani ya a huwa kubwa siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na hupungua siku za maji mafu, na hapo kijana aliyekulia kwa wavuvi hutabasamu, maana jibu hilo alilijua kabla hajasikia habari za sine.

Ugumu ulikuwa katika kuingiza namba. Orodha mbili za vipimo 25 ni namba 50, na kila mwanafunzi akizibofya mwenyewe kwenye vitufe vile vidogo, hakosekani mmoja wa kusahau nukta ya desimali, akaandika mita 21 mahali pa mita 2.1, na mkunjo wake ukaharibika wote. Kwa kutumia waya, namba huingizwa mara moja kwenye kikokotoo kimoja, tunazikagua pamoja, kisha zinasafirishwa.

Utaratibu ni mwepesi, ila una mpangilio ambao haukubali kupinduliwa. Unachomeka pini kwenye tundu la kila kikokotoo na kuisukuma mpaka iishe kuingia; pini iliyoingia nusu ndiyo chanzo cha malalamiko mengi ninayosikia. Kwenye vyote viwili unabonyeza 2nd na kitufe cha X,T,θ,n ili kufungua menyu ya LINK. Anayepokea hutangulia: anachagua RECEIVE, na skrini inaandika kwamba inasubiri. Ndipo anayetuma anachagua List, anaweka alama kwenye L1 na L2, na kuamuru Transmit. Mtumaji akitangulia kabla mpokeaji hajawa tayari, baada ya muda mfupi anaonyeshwa ujumbe wa hitilafu na kulazimika kuanza upya. Mpokeaji akiwa tayari ana L1 yake, kikokotoo hakiifuti kimyakimya. Kinamuuliza kama abadilishe jina, aandike juu ya ile ya zamani, airuke au aache kabisa. Naona hilo ni adabu nzuri kwa mashine. Jambo la kuogopa ni chaguo la Back Up, kwa sababu hilo hufuta kumbukumbu yote ya muda ya mpokeaji na kuweka ya mtumaji mahali pake. Nimewakataza wanafunzi wasiliguse.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji hawalitaji, na kwangu ndilo lililoufanya waya ulipe gharama yake: baada ya kutuma, vitu vilivyochaguliwa hubaki vimechaguliwa. Unachomoa waya, unauchomeka kwa jirani, unatuma tena bila kuchagua upya, na hata aliyepokea sasa hivi anaweza kumtumia mwingine. Data inatembea kutoka benchi hadi benchi pasipo kompyuta, pasipo intaneti na pasipo umeme wa ukutani, kwa betri nne ndogo za AAA tu. Umeme ukikatika katikati ya kipindi, hakuna anayenyanyua kichwa.

Kuhusu uaminifu wake, inafaa kueleza yanayopita ndani ya waya. Njia ni tatu: ya ardhi iliyo kwenye shina la pini, ya ncha ya pini, na ya pete iliyo nyuma ya ncha. Vikokotoo vikitulia, njia mbili za data huwa na volti. Data yote ni mfululizo wa biti, yaani tarakimu za 0 na 1. Mtumaji akitaka kupeleka biti ya 0, hushusha volti ya njia ya ncha. Mpokeaji akiiona, hujibu kwa kushusha njia ya pete. Mtumaji huachia, na mpokeaji naye huachia. Kwa biti ya 1 mambo hugeuka: mtumaji hushusha pete, mpokeaji hujibu kwa ncha. Ni kama mafundi wanaopokezana matofali, ambapo wa juu hapewi jingine mpaka lile la kwanza liwe limetua mkononi mwake. Kwa sababu hakuna anayemhesabia mwenzake muda, TI-83 Plus yenye mwendo wa megahezi 6 inaelewana vizuri na TI-84 Plus yenye megahezi 15. Mwenye kasi humsubiri mzito.

Subira hiyo ina gharama yake. Namba moja halisi katika vikokotoo hivi huchukua baiti 9, kila baiti ikiwa biti nane, na orodha huongeza baiti 2 za kutaja urefu wake, hivyo orodha yetu ya vipimo 25 ni baiti 227, yaani biti 1,816, na kila biti ina hatua nne za kushusha na kuachia. Hizo ni hatua 7,264 kwa orodha moja, mbali na maneno ya utangulizi. Kwa orodha fupi hutaona kuchelewa kokote. Kwa programu kubwa utapata nafasi ya kufuta ubao.

Juu ya hayo upo ukaguzi wa pili. Data husafiri kwa mafurushi, na kila furushi hutanguliwa na baiti nne: ya kutambulisha aina ya mashine, ya amri, na mbili za urefu. Mwishoni mwa data huja jumla ya baiti zote za data hiyo. Mpokeaji hujumlisha upande wake, na hesabu zisipolingana huomba furushi lilelile lirudiwe. Mkaguzi mkali atasema kwamba jumla peke yake haigundui baiti mbili zilizobadilishana nafasi, na atakuwa sahihi, lakini kwa njia inayokiri kupokea kila biti sioni baiti zitabadilishana wapi.

Waya wenyewe ndio unaohitaji macho. Pini za visikilizi vya kawaida ni za milimita 3.5 na haziingii kabisa. Za milimita 2.5 zilitumika kwenye baadhi ya simu za vitufe, zile viswaswadu, na ndiyo maana nilikwenda kwa fundi simu mmoja wa Ngamiani kutafuta waya wa akiba. Nilimpa pini niliyoiokota kwenye boksi lake, akaigeuza kwenye mwanga.

“Hii ni mono, mwalimu. Ona, ina mstari mmoja mweusi. Wewe unataka ya mistari miwili.”

“Na hii yenye mitatu?”

“Hiyo ina maiki. Itakupotezea muda.”

Alisema kweli. Pini ya mono haina pete iliyojitenga, kwa hiyo inaishikiza njia ya pete kwenye ardhi, na kikokotoo kinadhani mwenzake ameshusha njia na hataki kuiachia. Tulipopata waya wenye pini za mistari miwili upande huu na upande huu, aliupima kwa mita ya umeme, ambayo hulia njia ikiwa nzima: ncha kwa ncha ikalia, pete kwa pete ikalia, shina kwa shina ikalia. Kisha tukapima waya mpya niliouagiza mtandaoni kwa muuzaji aliyeusifu kuwa ni maalumu kwa vikokotoo. Pete kwa pete haikulia. Kwa waya wa namna hiyo hata biti ya kwanza haivuki, kwa sababu ama ishara au jibu lake lazima lipite kwenye njia iliyokufa. Muuzaji hakujibu ujumbe wangu, na fundi akalipwa soda na ahsante. Wala sikulaumu bei. Nililaumu kwamba kasoro ambayo mita huigundua mara moja iliachwa isafiri mpaka Tanga.

Hewa yetu ya chumvi nayo haina huruma kwa shaba. Pini zinazokaa wazi hupata ukungu wa kijani, na mawasiliano yanaanza kukatika katikati ya orodha. Nazifuta kwa pamba yenye spiriti na kuhifadhi waya kwenye mfuko uliofungwa.

Anayetaka kununua atazame kwanza tundu la kikokotoo chake. TI-81 ya mwaka 1990 haikuwa na tundu la kuunganishia; lilianza na TI-85 mwaka 1992. TI-84 Plus ya mwaka 2004 ina matundu mawili, hili la milimita 2.5 na la USB ndogo, na TI-84 Plus mbili zikikutana ni afadhali zitumie USB, ambayo ni ya kasi zaidi. Waya huu mkongwe unabaki wa lazima pale TI-84 Plus inapozungumza na TI-83 Plus. Vikokotoo vya grafu vya Casio navyo vipo vyenye tundu la milimita 2.5, ila taratibu zao za mawasiliano ni nyingine, hivyo pini itaingia na data haitahama. Na aliye na TI-84 Plus CE, iliyotoka mwaka 2015, asiununue waya huu hata akiuziwa kwa bei ya kutupa, kwa sababu kikokotoo chake kimeachiwa tundu la USB peke yake.