Jumuiya ya WhatsApp kwa kikundi cha kujitolea: tathmini ya katibu

Mimi ni katibu wa kikundi cha kujitolea kinachosafisha ufuo jijini Dar es Salaam, na kazi inayonichukulia muda mwingi kuliko kuokota chupa za plastiki ni kuhakikisha kwamba kila mwanachama anajua siku, saa na mahali pa kukutana. Mwajiriwa asiyepewa taarifa atauliza zamu yake mwenyewe. Anayejitolea, akikosa taarifa mara mbili, hubaki nyumbani, wala huwezi kumlaumu.

Kwa muda mrefu tulitumia kundi moja la WhatsApp kwa mambo yote. Ratiba yetu hufuata kupwa na kujaa kwa maji, hivyo saa ya kuanza hubadilika mara kwa mara. Ijumaa moja usiku nilitangaza kwamba kesho yake tungeanza saa 4 asubuhi badala ya saa 1, na chini ya tangazo hilo zikafuata pole za msiba, picha za harusi na salamu za Jumamosi njema zenye maua. Mzee wetu mmoja, ambaye sote tunamwita Babu, alifika saa 1 kasoro na reki yake begani, akakuta mawimbi yanapiga ukutani, akasubiri peke yake. Nilipoangalia simu yake, tangazo langu lilikuwa limefukiwa na jumbe zaidi ya mia moja. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Kosa lilikuwa letu, kwa kuweka tangazo na maongezi mahali pamoja.

Baada ya hapo tulihamia kwenye Jumuiya, huduma ambayo WhatsApp iliizindua mwaka 2022. Ndani yake kuna sehemu ya matangazo ambamo wasimamizi peke yao hutangaza, kisha makundi madogo kwa shughuli mbalimbali: sisi tuna la usafi, la usafiri, na lile tuliloliita Barazani. Wapo waliotaka Barazani lifutwe. Nilikataa, kwa sababu wanaofanya kazi ya sulubu bila malipo hurudi kwa ajili ya wenzao, na kikundi kisichopeana pole na hongera hakidumu.

Jambo jingine ninalolithamini ni namba za simu. Katika kundi la kawaida kila mtu huona namba ya mwenzake, lakini katika sehemu ya matangazo namba yako huonekana kwa wasimamizi na kwa wale waliokwisha kuihifadhi. Kwa mabinti wanaojiunga bila kumfahamu mtu, huo ni ulinzi wa kweli, ingawa hukoma pale wanapoingia kwenye kundi dogo, na ni wajibu wa msimamizi kuwaeleza hivyo mapema.

Kura ya maoni hunisaidia kujua idadi ya glavu na magunia ya kubeba. Kwa kuwa jina la kila aliyepiga kura huonekana, viongozi tunawachagua kwa karatasi, tukiwa tumekutana.

Telegram hubeba hadi watu 200,000 katika kundi moja, wakati kundi la WhatsApp huishia 1,024, lakini ukubwa huo hautufai kitu iwapo wanachama wetu hawako huko.

Kwa hiyo huduma hii naipendekeza kwa vikundi kama chetu, mradi isichukuliwe kuwa inamfikia kila mtu. Wenye simu za kitochi bado tunawatumia SMS, na asiye na bando siku hiyo hapati chochote hadi atakaponunua. Katika kundi la usafi mimi huubonyeza ujumbe niliotuma, nikafungua maelezo yake ili nione nani ameusoma. Ifikapo saa 2 usiku, ambao haujawafikia huwapigia simu, na wa kwanza kumtazama ni Babu.