Uzoefu wangu na Marvel Unlimited: msomaji mgeni aanzie wapi

Nimeitumia Marvel Unlimited vya kutosha kuisemea. Ni huduma ya kulipia, unasoma katuni za Marvel kwenye simu au tableti, na maktaba yake ina matoleo zaidi ya 30,000. Nilipojiunga ada ilikuwa dola 9.99 kwa mwezi. Kwa sisi tuliovutwa na sinema, shida inaanzia hapo hapo: katika rundo lote hilo unashika lipi?

Wengi wetu tumekuzwa na Sani, lile jarida la katuni. Unakuta toleo la zamani kwa kinyozi, unasoma vituko vya Madenge, unacheka, basi. Hakuna anayekudai uwe umesoma la wiki iliyopita. Marvel walichagua njia nyingine tangu Fantastic Four namba 1 ya mwaka 1961: karibu hadithi zote zinatokea katika dunia moja, na anachoandika huyu kinamfunga atakayekuja miaka 20 baadaye. Ndiyo utamu wenyewe, na ndicho kinachowakimbiza wageni.

Tafuta Amazing Spider-Man humo uone. Yanakuja mafungu kadhaa, kila moja na namba 1 yake. La kwanza lilianza 1963 likafika namba 441 mwaka 1998. Wakaanza upya na namba 1 mwaka 1999, kisha 2003 wakairudia hesabu ya zamani, kwa hiyo baada ya namba 58 ikaja namba 500. Wameanza tena 2014, 2015, 2018 na 2022. Anayefuata namba peke yake lazima apotee. Kinachonifurahisha kwenye huduma hii ni kwamba kila fungu limeandikwa miaka yake ubavuni mwa jina, na majina ya waandishi yapo wazi. Fuata mwaka na mwandishi. Mwandishi mpya akikabidhiwa shujaa, mara nyingi huanza kwa kukutambulisha upya.

Mimi niliingilia fungu la 1999, toleo la 30 la mwaka 2001, pale J. Michael Straczynski anapoanza, mchoraji akiwa John Romita Jr. Peter Parker, ndiye Spider-Man mwenyewe, ni mtu mzima, anarudi kufundisha shule aliyosoma. Matoleo machache mbele, Aunt May, shangazi yake, anaingia chumbani kwake, anamkuta amelala hoi, mwili majeraha matupu, na siri ya vazi lile inaishia hapo. Toleo la 38 karibu lote ni maongezi ya mama huyu na kijana aliyemlea. Hakuna ngumi, hakuna adui. Mimi ni shangazi niliyelea mtoto wa kaka yangu hapa Moshi, na nililisoma ndani ya Coaster ya Arusha, tumeshapita Boma Ng'ombe, machozi yananitoka mbele za watu. Matoleo mia nne na ushee yaliyotangulia sikuwa nimesoma hata moja, na sikupungukiwa na kitu.

Kijana wangu naye alikuja na lake: "Shangazi, kwani Spider-Man ni Peter au ni Miles?" Wote wawili. Mwaka 2000 Marvel walifungua dunia ya pembeni, Ultimate, ili wasomaji wapya waanze bila mzigo wa zamani. Miles Morales alizaliwa huko mwaka 2011. Mwaka 2015, katika hadithi ya Secret Wars, dunia hiyo ikavunjwa, Miles akahamishiwa dunia ya Peter. Ukishajua hilo, nusu ya maswali ya Miles yamekwisha.

Na umri wao usikusumbue. Tony Stark, yaani Iron Man, alijeruhiwa Vietnam katika hadithi ya 1963. Leo angekuwa babu. Wanachofanya ni kuyasogeza ya nyuma yaje karibu, hata mwaka 2019 wakaandika vita ya kubuni, Siancong, ichukue nafasi ya Vietnam. Mimi naona ni suluhisho la busara kabisa.

Sasa upungufu. Toleo jipya linachukua kama miezi mitatu kuingia humo baada ya kutoka dukani. Batman na Superman hawamo, wale ni wa DC, kampuni nyingine. Hakuna Kiswahili. Kwenye simu ndogo maandishi yanaumiza macho, ingawa unaweza kusoma kisanduku kimoja kimoja, na zile Infinity Comics zilizoanza 2021 zimechorwa kwa kusogeza kidole chini, zinasomeka vizuri sana. Picha zinakula bando, kwa hiyo pakua ukiwa kwenye wifi, usome safarini au umeme ukikatika.

Ningekushauri ulipie mwezi mmoja kwanza. Chagua shujaa mmoja na mwandishi mmoja, na ukikuta tukio kubwa kama Civil War ya 2006, soma yale matoleo saba ya msingi tu. Orodha za kusomea zimo humo humo, zile nyongeza utazirudia ukipenda.