Sarafu za Kirumi: Kabla Hujalipa, Chokoa Kijani

Pauni 45 zangu zimeliwa na unga. Nilinunua sarafu ya shaba ya mfalme Constantine kwenye maonyesho hapa London, ile yenye lango la kambi na nyota juu yake. Baada ya miezi mitatu kwenye droo nyota haipo. Kuna kishimo, na ungaunga wa kijani mpauko kama ukungu wa mkate.

Wengine watakufundisha kutazama sura ya mfalme, maandishi na uzito. Sawa. Mimi sasa naanza na kijani. Kigumu, kilichoshikamana na sarafu, hicho ni cha heri. Cha ungaunga ni dalili ya kloridi, aina ya chumvi, iliyojificha ndani ya shaba: ikipata unyevu inazaa asidi, asidi inakula shaba, kazi inaanza upya. Omba ruhusa, gusa kwa kijiti cha meno. Kijani kikibanduka, irudishe sarafu. Muuzaji akikukatalia, umeshajibiwa.

Ya kununua, namba moja kwangu ni denari ya fedha ya Septimius Severus, mzaliwa wa Leptis Magna, Libya ya leo, aliyetawala kuanzia 193 hadi alipofia York mwaka 211. Zipo tele maana alikuwa na majeshi ya kulipa. Ndiyo, aliichakachua fedha mpaka karibu nusu, lakini ule unga ni nadra kuukuta humo.

Namba mbili, shaba za Constantine, mradi zimefaulu mtihani wa kijiti. Zihifadhi pamoja na vile vifuko vya chembechembe za kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

Za mafungu, zenye udongo bado? Pita.

Pa kununua, sifichi: mimi ni mteja wa Spink, wauzaji na wanadi wa sarafu hapa London. Wapo tangu 1666, na ndio wachapishaji wa RIC (Roman Imperial Coinage), orodha ya sarafu za Kirumi ambayo wauzaji wote hunakili namba zake. Mnadani watakuongezea ada juu ya bei uliyoshindia, na inauma. Bado ni nafuu kuliko wale wanaogandisha mchanga kwenye sarafu kwa gundi kisha wanauita "rangi ya jangwa" na kupandisha bei.

Yule muuzaji wangu wa Constantine nilimrudia na picha. Akasema sarafu ya miaka 1,700 lazima iwe na uzee. Uzee gani huo, kaka, uliokuwa unasubiri risiti?