To Kill a Mockingbird: riwaya ya nani akae wapi

Kikundi cha kusoma hapa Lamu kikitafuta riwaya ya kujadili ubaguzi wa rangi, hii ya Harper Lee haikosi kutajwa. Ilichapishwa 1960, ikapata tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata, na kisa chake kimewekwa katika mji wa kubuni wa Maycomb, jimbo la Alabama, miaka ya 1930. Tunaipendekeza, ila si kwa sababu ya Atticus Finch. Mjadala ukianza kwa wakili mzungu mwema, utamalizika kwa kumsifu, na kitabu kitakuwa kimepita bila kusomwa. Uhodari wake uko kwenye mpangilio wa watu: nani akae wapi, aingie kanisa lipi, amwachie nani kiti.

Sura ni 31. Vikao sita vinatosha: viwili kwa sura 1–11, kimoja kwa 12–15, viwili kwa 16–21, na cha mwisho kwa zilizobaki. Wengi hukata tamaa sura ya 1, kwa kuwa imejaa nasaba ya akina Finch na Kiingereza cha kusini mwa Marekani. Ipiteni haraka. Mwendo upungue mfikapo sura ya 12, Calpurnia, mpishi mweusi wa familia hiyo, anapowapeleka watoto wa Atticus kanisani kwake. Kanisa lilinunuliwa kwa mapato ya kwanza ya watumwa walioachwa huru, na siku za kazi wazungu hucheza kamari ndani yake. Vitabu vya nyimbo hakuna: mtu mmoja husoma mstari, waumini wakaupokea, maana wanaojua kusoma ni wachache mno. Msomaji aliyezoea kuitikia maulidi hahitaji kuelezwa namna wimbo unavyokaa kifuani bila kitabu.

Mahakamani, weusi wanapanda roshani iliyozunguka kuta tatu. Watoto wa Finch wakikosa nafasi chini, Mchungaji Sykes wa kanisa la Calpurnia anawapandisha, na weusi wanne wanainuka wawapishe viti vya mbele. Ni heshima kwa baba yao, au ni mazoea ya kumpisha mzungu hata mahali walipotengewa wao? Swali hili pekee linaweza kula nusu ya kikao, na liachwe lile.

Kesi ya Tom Robinson, mtu mweusi anayetetewa na Atticus kwa shtaka la kumbaka msichana mzungu, Mayella Ewell, isomwe kwa karatasi na kalamu. Andikeni jeraha la Mayella lilikuwa upande gani, nani hutumia mkono gani, na kama daktari aliitwa. Hapa ndipo wengi hukwama: sherifu kwanza anasema jicho la kushoto, kisha anajisahihisha kuwa ni la kulia, yaani aliyempiga yaelekea alitumia mkono wa kushoto. Aliyenukuu jibu la kwanza hataelewa kwa nini Bob Ewell, babake Mayella, anaambiwa aandike jina lake, wala uzito wa mkono wa kushoto wa Tom, uliolemazwa na mashine ya kuchambua pamba. Daktari hakuitwa kabisa. Ushahidi umevunjika, na bado Tom anatiwa hatiani. Kinachomponza hasa ni jibu lake la sura ya 19, kwamba alimwonea huruma Mayella. Mtu mweusi kumhurumia mwanamke mzungu ni kujiweka juu yake, na hilo Maycomb haisamehi.

Lipo jambo ambalo msomaji wa pwani ataliona upesi. Watoto wa Dolphus Raymond, mzungu aliyezaa na mwanamke mweusi, hawana upande: weupe hawawataki, weusi hawawataki. Kwa sheria ya Kiislamu, mtoto wa suria anayekubaliwa na bwana huzaliwa huru na humrithi babake. Basi hapa pwani swali halikuwa rangi tu, lilikuwa "wa nani?" Ubaguzi haukukosekana, ulipitia nasaba. Utumwa ulifutwa kisheria pwani ya Kenya 1907 tu, na kabla ya hapo Habib Swaleh, mwanachuoni wa Lamu, alipingwa na waungwana kwa kuwasomesha watumwa na wanyonge. Atakayesema barazani kwamba mambo ya Maycomb hayatuhusu, aulizwe mpaka wa Mkomani na Langoni, pande mbili za mji wa Lamu, ulikuwa na maana gani kwa babu zake.

Udhaifu mkubwa wa kitabu ni kwamba Tom hasemi karibu lolote ila akiulizwa, na kifo chake tunakisikia kwa mdomo wa mwingine. Weusi karibu wote ni wapole na wenye subira, hasira zao hazina mahali. Calpurnia ana maisha mawili, nasi tunaonyeshwa moja na robo. Kwa hiyo kikundi kikipata nafasi, kisome pia riwaya iliyoandikwa na mtu mweusi kuhusu ubaguzi huo huo. Sura ya 26 kidogo inafidia: mwalimu Bi. Gates analaani Hitler darasani, na Scout, binti wa Atticus anayesimulia kisa, anakumbuka mwalimu huyo aliyoyasema kuhusu weusi siku ya kesi ya Tom. Walimu waisome mara mbili.

Kuhusu nakala: jalada laini lililogundishwa halivumilii unyevu wa bahari, na kurasa za katikati, yaani za kesi, ndizo huanza kung'oka. Ikipatikana iliyoshonwa, hata kuukuu, chukueni hiyo.