Hataza (patent, haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi) ya kifaa kujithibitisha kwa usimbaji: uombe Marekani au Ulaya?

Hili swali linarudi kila mara kwa watu waliobuni njia mpya ya kifaa kujithibitisha kwa seva kwa funguo za siri. Mi naanza na hili, je ushaitangaza? Marekani wanakupa miezi 12 tangu uitoe hadharani mwenyewe, Ulaya ukiionyesha hata kwenye mkutano kabla ya kuomba basi umeshaipoteza, kwa hiyo kama ushaimwaga mtandaoni mwezi uliopita jaribu Marekani.

Kwenye ukaguzi wenyewe sasa. Tangu kesi ya Alice ya 2014, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani, mkaguzi wa Marekani anaangalia kama ni wazo la dhahania tu lililopachikwa kwenye kompyuta, na jibu unaweza kushindwa kulitabiri kabisa. Wa Ulaya anauliza, unatatua tatizo gani la kiufundi? Hesabu tupu haikusaidii, ila ukionyesha kifaa feki kinanaswaje hapo mnaelewana. Kwangu Ulaya inatabirika zaidi, lakini andika kila kitu toka siku ya kwanza, kuongeza maelezo baadaye hawakubali kabisa.

Gharama, Marekani kampuni ndogo inapunguziwa ada nyingi kwa 60%, na kuitunza unalipa mara tatu tu, mwaka wa 3.5, 7.5 na 11.5. Ulaya ada ni kila mwaka kuanzia wa tatu, na mshindani ana miezi 9 ya kuipinga ikishatolewa.

Kama bado ni siri yako, omba popote kwanza, una miezi 12 ya kuomba kwingine na ukahesabiwa tarehe ileile ya ombi la kwanza.