Kusaini na bima au kwenda mahakamani?

Umevunjika mkono ndani ya teksi ya mtandaoni pale Kondele, Kisumu. Bima wanapiga simu: saini hapa, ulipwe. Pesa huja upesi, ila ukishasaini umemaliza, hata mfupa ukiunga vibaya. Kesi huchosha, lakini hakimu huangalia fidia zilizotolewa kwa majeraha kama yako, kisha huongeza gharama zenye risiti. Vile vikaratasi vya duka la dawa vinavyofifia wino mfukoni ndizo pesa zenyewe. Vipige picha leo. Una miaka 3 ya kushtaki, na sheria hailazimishi bima kulipa zaidi ya Sh3 milioni kwa mtu mmoja. Michubuko tu? Chukua za bima. Mfupa? Mimi ningesubiri ripoti ya daktari kwanza.