Logitech G502 HERO: nzuri kwa asiyeogopa bisibisi

G502 HERO, kipanya cha kompyuta, ilitoka 2018: gramu 121, vitufe 11, na vizito vitano vya gramu 3.6 kila kimoja unavyoweza kuongeza tumboni. Hayo yote utayasoma kwenye boksi. Ambalo boksi halisemi ni kwamba kinachochoka kwanza kwenye kipanya hiki ni swichi iliyo chini ya kitufe cha kubofya, kifaa cha bei ndogo, na kinabadilishika. Kwa hilo tu kinastahili kununuliwa.

Kazi ya kukifungua ina usumbufu wake. Skrubu zimefichwa chini ya miguu, vile vibandiko laini vya kutelezea. Pasha miguu kwa drayer ya nywele nusu dakika hivi, kisha ingiza kadi nyembamba ya plastiki pembeni uibandue polepole. Ukivuta kwa pupa mguu unapinda, na ukiurudisha hivyo kipanya kitakwaruza mkeka. Afadhali uagize seti ya miguu mipya kabla hujaanza.

Skrubu zikitoka, usikinyanyue kifuniko kama cha sufuria. Kuna utepe bapa wa waya unaokiunganisha na bodi ya chini, na wengi wameukata hapo. Inua kidogo, chungulia, uchomoe utepe kwa utulivu, ndipo utenganishe.

Gurudumu ni la chuma na likiachiwa huzunguka lenyewe muda mrefu. Likianza kukwama, tafuta nywele zilizojisokota kwenye ekseli. Zitoe kwa kibanio. Usipake mafuta ya cherehani, yananasa vumbi. Uchafu mwingine futa kwa pamba yenye spirti ya asilimia 90 au zaidi. Ile ya asilimia 70 ina maji mengi, hivyo ukiitumia acha sehemu ulizofuta zikauke usiku kucha. Lenzi ya kihisi, kinachosoma mwendo wa kipanya, ipulizie hewa tu.

Sasa swichi. Dalili yake inajulikana: unabofya mara moja, kompyuta inasoma mara mbili, au faili unaloliburuta linadondoka njiani. Ndani ya swichi hii, iliyotengenezwa na kampuni ya Omron, kuna kibati chembamba cha shaba. Kikilegea au ncha yake ikishika kutu, mguso unakatika na kurudi kwa kasi, na umeme wa kipanya ni mdogo mno kuichoma kutu hiyo. Mibofyo milioni 50 inayotajwa na kiwanda haizuii tatizo hili kuja mapema.

Kubadilisha kunahitaji chuma cha kulehemu chenye nyuzi 350 hivi za Selsiasi. Ongeza lehemu mpya ya risasi juu ya ile ya kiwandani kwanza: ya risasi huyeyuka kwenye nyuzi 183, ya kiwandani isiyo na risasi hutaka zaidi ya 217, na zikichanganyika miguu mitatu ya swichi inaachia bila kuunguza bodi. Angalia mkao kabla ya kulehemu, kwa kuwa kijitufe cha swichi hakiko katikati. Ukiigeuza, itaingia vizuri lakini haitafanya kazi. Badilisha ya kushoto na ya kulia pamoja ili mbofyo ulingane, kisha rudisha utepe, chomeka USB na ujaribu kabla ya kubandika miguu.

Ukinunua iliyotumika, buruta dirisha taratibu kutoka pembe hadi pembe ya skrini huku umebana kitufe cha kushoto. Likidondoka, punguza bei kwa gharama ya swichi mbili na seti ya miguu.